Siku Niliyoiponda Mashua Tuliyoitaka

Sijazoea kusimulia aibu yangu mwenyewe, kwani katika nyumba hii mimi ndiye ninayewasema wengine wanapostahili; lakini kisa hiki kimekwisha kufika miji ya Mansfield na Richardson kikiwa kimepindishwa, hata wapo wanaodai nilitumbukia majini, kwa hiyo nimemwita mjukuu wangu Zuhura aandike ninavyosema, maana mimi shule sikuiona. Yeye alikuwapo, tena mkono wake umo katika kosa (usinune, andika).

Mwanangu Rajabu ni muuguzi hapa Houston, na kwa miaka minne alikuwa akijinyima ili anunue mashua ya matanga, ya kulala na kupika humo humo, apumzike majini baada ya zamu zake. Mwaka 2018 akapata mbili kwenye gati moja, zote zimetumika, akashindwa kuchagua.

"Mama, twende ukaniangalizie," akasema. "Wewe hudanganywi."

Nami, niliyeuza vitenge sokoni Morogoro miaka thelathini, nikaona hatimaye nimepewa heshima yangu. Sikuwa nimewahi kukanyaga mashua, ila kitu kilichotumika ni kitu kilichotumika, kiwe kitanda au sufuria: unakigonga, unakinusa, unakifunua chini. Tukatoka nyumbani Stafford, kando ya Houston, asubuhi, Zuhura akiwa mkalimani wangu.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, futi thelathini na nane, iliundwa Rajabu akiwa chuoni. Usukani wake ni gurudumu la kung'aa, vyumba viwili vya kulala, vyoo viwili, friji, na jiko lenye tanuri. Mwenyewe, bwana mnene wa kofia nyekundu, alifungua kila mlango kabla sijaomba. Nikagonga ubavu, ukalia kama debe. Nikanusa chini ya sakafu, nikakuta harufu ya unyevu iliyofunikwa kwa manukato. Nikauliza kwa nini mtu mmoja ahitaji vyoo viwili juu ya maji, Zuhura akaona haya kutafsiri.

Ya pili ilikuwa futi ishirini na saba, kongwe kuliko Rajabu mwenyewe, mali ya mjane wa rika langu, Bi Doroti. Haikuwa na gurudumu, ila kana, yaani mti mmoja unaoshikwa kwa mkono kuigeuza mashua, uliolainika kwa miaka ya kushikwa. Choo kimoja, ukikaa magoti yanagusa mlango (nilijaribu). Lakini nilipogonga ubavu ulinijibu kwa sauti nzito kama kinu, na chini ya sakafu palikuwa pakavu. Nikastaajabu kwamba watu wa zamani walitia unene wote ule katika chombo kidogo, na wa baadaye wakaupunguza ili wapate nafasi ya friji. Rajabu akaishika ile kana, asitake kuiachia. Nikajua.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Sokoni kwetu hakuna mnunuzi anayekisifia anachokitaka; unakiponda, unasifia cha jirani, muuzaji anaelewa, anacheka, anashusha bei. Nikasimama gatini nikapaza sauti.

"Mashua hii imechoka kuliko mimi. Kabati lile limepinda. Hata kuku wangu nisingewalaza humu. Ile ya bwana yule ndiyo mashua."

Zuhura akatafsiri yote, mpaka kuku.

"Kuku?" Bi Doroti akamwuliza.

"Ndiyo, kuku," akathibitisha huyu anayeandika.

Watu waliokuwa wakinywa kahawa kwenye mashua za jirani wakashusha vikombe. Bwana wa kofia, kwa kusikia sifa zake, akaja mbio, akamshika Rajabu mkono, akaitangazia gati nzima kwamba mama ameamua, watu wakapiga makofi. Mimi nikaona biashara inaiva, nikatimiza hatua ya mwisho: nikamgeuzia Bi Doroti mgongo, nikaondoka polepole. Morogoro hufiki hatua ya kumi kabla hujaitwa. Nikahesabu kumi. Nikahesabu ishirini. Nikasimama kujitanda khanga upya ili nimpe nafasi, bado kimya, nikaendelea, mpaka gati ikaisha. Nilikuwa nimeshika upande usio wa nchi kavu. Mbele yangu palikuwa na maji, na ndege mmoja juu ya nguzo akiniangalia. Nikabaki pale kama niliyekuja kukagua hali ya hewa, maana kugeuka ni kushindwa.

Nilipogeuka, Bi Doroti alikuwa akikifungua kamba kibao kilichotangaza kwamba mashua yake inauzwa.

"Mama, ile ndogo ndiyo niliyoitaka," Rajabu akanong'ona, mkono wake ungali umeshikwa na yule bwana.

"Najua. Unadhani niliiponda kwa nini?"

"Bibi, mimi nime-translate tu," akasema Zuhura.

Rajabu ni mtu mzima mwenye mvi, lakini uso aliokuwa nao nilikuwa sijauona tangu akiwa na miaka saba. Uso ule ndio ulionirudisha kwa Bi Doroti. Nikamwagiza Zuhura atafsiri bila kuongeza wala kupunguza: kwamba kwetu kuponda ndiyo namna ya kutaka, kwamba mashua yake ni nzima kuliko ile kubwa, na kwamba niliyoyasema kwa sauti mbele za watu nayafuta kwa sauti mbele ya watu hao hao. Kofia nyekundu akauachia mkono wa mwanangu.

Bi Doroti akakiweka kibao chini. Akasema kabati lile alilitengeneza marehemu mumewe, na kweli limepinda, naye alimwambia hivyo maisha yao yote. Akasema atamuuzia Rajabu, kwa bei ile ile, bila kupunguza hata senti, ila kwanza huyu anayewahurumia kuku akae humo siku nzima majini.

Jumamosi nikakaa. Nilitapika mara tatu huku nimelishikilia kabati lililopinda, wala halikutikisika.

Sasa kila Idi Bi Doroti hutuletea keki na kuniuliza kama kuku wangu hawajambo. Sina kuku. Tangu siku ile, kitu nikikitaka nakisifia mbele ya mwenyewe na kulipa anachosema. Na kabla ya kumgeuzia mtu mgongo, natazama kwanza kama njia inaendelea.