Nilivyosema Binti wa Watu Amenibabaisha

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Same. Juzi tulipanda Suji, mimi na wajomba zangu, kwenda kumposa Nakijwa. Nilipotakiwa kueleza nilivyompenda, nikajichagulia neno tamu.

"Wazee wangu, tangu siku ya kwanza binti yenu alinibabaisha."

Baba yake akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo mwanangu ni mbabaishaji? Amekutapeli nini?"

"Hapana, mzee. Neno limetokana na kubabaika. Kumbabaisha mtu ni kumkosesha utulivu, mpaka, yaani, ashindwe, samahani, hata kusema..."

Jasho likanitoka. Nakijwa, aliyekuwa akimimina chai, akadakia.

"Ni kweli, baba. Siku tuliyokutana aliniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba."