Mchezo Usiosimama

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Chuo alinikabidhi ufunguo na kitambaa cha kufutia vumbi.

"Mashine ni sita," alisema. "Zikiharibika, hapa Kilimatinde hakuna mwingine wa kuzitengeneza."

Nilikuwa fundi wa kompyuta na mwalimu wake pia. Nilifungua moja moja, nikapuliza vumbi jekundu lililokuwa limeingia hadi kwenye feni. Kisha nikachomeka diski laini, zile sahani nyembamba zilizobeba programu zetu zote.

Diski moja ilikuwa na michezo miwili: nyoka anayekula na kurefuka, na matofali yanayoshuka ukiyapanga. Niliifundishia. Wanafunzi waliokuwa wakitafuta herufi kwa kidole kimoja walizoea kibodi upesi.

Mkuu wa Chuo alitukuta tukishangilia.

"Mwalimu, hili ni darasa au mnada wa ng'ombe?"

"Wanazoesha vidole, Mkuu."

Akavuta kiti, akajaribu. Kengele ya chakula ilipolia hakutaka kuinuka. Nikabonyeza herufi P, matofali yakaganda hewani. Aliporudi akayakuta palepale, alicheka hadi akavua miwani.

Nilihamishiwa Manyoni, kisha Singida mjini, chini ya Afisa Utumishi aliyefuta michezo kwenye mashine zote wiki aliyoripoti. Sikumlaumu, kazi ni kazi. Lakini michezo ile ilikuwa na adabu. Ilikusubiri, na ukishindwa ilikwisha, ukarudi kwenye shughuli zako.

Nilipostaafu, mimi na mke wangu tulirudi kwetu Ihanja. Binti yetu Neema, muuguzi huko Dodoma, alininunulia simu janja, nami nikapakua mchezo wa vita. Tulikuwa wachezaji wanne, kila mtu na simu yake mkoa wake, tukisikilizana sauti. Mchezo kama huo huendeshwa na kompyuta kubwa iliyo mbali, seva, kwa hiyo hausimami kwa ajili ya mtu mmoja. Ukiondoka, wenzako wanauawa na lawama ni zako. Walikuwa vijana watupu, wakiniita kamanda. Mzee mzima, niliona fahari.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa jikoni akikoroga uji.

"Baba Neema!"

"Nakuja."

Zilikuwa zimebaki dakika chache.

"Baba Neema, njoo, mkono wangu..."

"Si nimesema nakuja!"

Hakuita tena. Tulishinda raundi ile, vijana wakanipongeza. Nilipoingia jikoni alikuwa chini kando ya jiko, mdomo umepinda, uji umeungua. Kiharusi. Tulimkimbiza hospitali. Daktari akasema katika ugonjwa huo kila dakika ina uzito wake. Mke wangu aliishi siku nne bila kusema chochote.

Vijana mnaponiuliza kama michezo ya zamani ilikuwa bora, mnategemea nisifie nyoka na matofali. Picha zake zilikuwa duni, sauti yake kama mbu. Ilikuwa bora kwa jambo moja tu, ilijua kuwa mchezaji ana nyumba. Hata hivyo siwezi kuisingizia simu. Aliyeketi sebuleni ni mimi, na ningeweza kuiweka chini.

Baada ya mazishi Neema alikuja kukaa karibu nami.

"Baba, mama alikuita?"

"Aliniita mara moja," nikamjibu, "nikaenda."

Akanishika mkono, akanishukuru kwa kuwahi.