Ubishi wa albamu bora ya Hollow Sexton ulivyotuletea matanga Kapsoya

Wakuu, habari za huko mliko. Vuteni viti, hii si ya kusoma ukikimbia.

Naandika vile ilifanyika, bila chumvi. Njeri na Brayo, marafiki zangu walioshuhudia yote, wako humu ndani, nikiongeza hata kijiko kimoja watanianika hapo chini.

Kwa wale hawanijui, naitwa Kamau. Nimezaliwa Burnt Forest, naishi Kapsoya hapa Eldoret, na kazi yangu ni kuuza rangi na misumari kwa hardware ya mjomba.

Na mimi ni mtu wa gothic rock. Ndio, Eldoret. Chekeni mmalize tuendelee.

Watu hudhani huku ni wakimbiaji na mahindi tu. Tuko. Si wengi, tuko wanne, lakini tuko.

Kama hujui hii muziki, ni gitaa zinalia huko mbali, bezi nzito, na jamaa anaimba kwa sauti ya chini kama mzee wa kanisa anatangaza kifo. Nguo ni black. Viatu black. Njeri hata kucha hupaka black, na ni mtu wa saluni kwa hivyo hazibanduki kamwe.

Bendi yetu inaitwa Hollow Sexton. Walitoa albamu tatu wakaachana. Shida yetu yote imetoka kwa hizo tatu.

Sasa nije kwa Kipchumba.

Kipchumba ni wa Kiplombe, na ndiye rafiki yangu wa kwanza kabisa hapa duniani ukitoa ndugu zangu. Tulipatana shule ya bweni. Ni yeye alinionjesha hii muziki, earphone moja kwa sikio yake, ingine kwa yangu, tumejifunika blanketi moja juu ya baridi ya huku mnaijua.

Yeye anasema albamu ya kwanza, Chapel of Frost, ndiyo albamu, zingine ni marudio. Mimi nasimama na ya tatu, Velvet Harbour, mpaka kesho. Ya pili, Nine Bells, hakuna mtu huitetea. Iko tu, kama mtoto wa katikati.

Huo ubishi ulikuwa utamu wetu. Kila Jumamosi kwangu, chai na mandazi, tunapigana na maneno mpaka Mama Shiko wa mlango wa pili anagonga ukuta.

Halafu siku moja Kipchumba akaandika kwa group yetu ya simu ati Velvet Harbour ni muziki ya kutangaza sabuni.

Sabuni, wakuu!

Mimi damu yangu hupanda haraka. Nikamjibu ngoma za Chapel of Frost zinaskika kama mtu amefungiwa chooni na sufuria. Akajibu. Nikajibu. Akatoka kwa group. Nikasema akienda aende, kwani nimemfunga kamba?

Jumamosi hiyo hakuja. Ingine pia hakuja. Miezi ikapita hivyo, kila mtu na kiburi chake.

Hebu fikirieni. Mimi Mkikuyu wa Burnt Forest, yeye Mkalenjin wa Kiplombe. Mambo makubwa ya nchi hii, ya uchaguzi na makabila, yalipita juu ya vichwa vyetu tukiwa watoto na hayakututenganisha. Ikaja kututenganisha bendi ya wazungu ambao hata hawajui Eldoret iko wapi.

Sasa juzi Njeri akanipigia. Kipchumba amepata kazi Lodwar, anaondoka Jumatatu.

Akaniambia, "Kamau, huyu akienda hivi mmeisha. Lodwar si Kiplombe, ati utapanda boda ukamsalimie."

Nikamwandikia Kipchumba, "Jumamosi kwangu. Tunaskiza zote tatu, tunapiga kura, tunamaliza hii kitu." Akajibu neno moja, "Sawa." Hata emoji hakuweka.

Jumamosi ikafika. Brayo akaleta spika yake ya chaji. Njeri akaleta zawadi ya kumuaga: picha ya Kipchumba, kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu. Tukaiweka mezani na maua kidogo, mshumaa huku na mshumaa huku, kwa sababu sisi ni watu wa gothic na mishumaa ndiyo mambo yetu.

Nyinyi mlio na akili mshaona hiyo picha inatupeleka wapi. Sisi hatukuona.

Mvua ikaanza, ile yetu ya mchana ya kugonga mabati kama inadai. Stima ikapotea. Nyumba ikawa giza, imebaki mishumaa tu.

Kipchumba hayuko. Napiga simu, mteja hapatikani. Napiga tena, mteja.

Nikaanza kununa. Nikasema huyu amenihepa, ataenda Lodwar na hasira yake. Brayo akaweka wimbo wa kwanza wa Chapel of Frost, ati pengine ataskia akiwa njiani aharakishe. Njeri akaanza kulia. Msishtuke, Njeri hulia kwa huo wimbo kila wakati, ni tabia yake.

Mlango ulikuwa wazi ndio moshi wa jiko utoke. Mama Shiko akaja kuomba kiberiti. Akachungulia, akashika kichwa na mikono miwili, akarudi mbio bila kiberiti.

Nikadhani ni muziki imemchosha.

Baada ya kitambo tukaskia wimbo wa kanisa nje, ule wa polepole. Nikachungulia. Wamama majirani wa ploti yote, leso mabegani, wamebeba thermos, sukari, mkate, na karai la vikombe. Mbele yao ni Mzee Koech, mzee wetu wa nyumba kumi, na mwavuli wake.

Nikamwambia Brayo, "Zima spika! Kuna mtu amekufa kwa ploti!"

Tukatoka hapo kwa kibaraza, tukasimama kwa heshima. Bahati nzuri tulikuwa tumevaa black tayari.

Mama Shiko akanikumbatia. "Pole, Kamau. Pole sana mtoto wangu."

Nikamwambia, "Poleni pia nyinyi, mama. Ni mapenzi ya Mungu."

Wakuu, hapa nisimame kidogo. Mnajua vile huwa. Ukishasema pole, huwezi tena kuuliza nani amekufa. Utaonekana jirani wa aina gani? Unatulia, unainamisha kichwa, unangoja jina litokee kwa maombi. Kila mtu humu ameshafanya hivyo, usijifanye.

Basi sisi tukatulia, tukingoja jina. Na wao, juu ya adabu zao, hawakutuuliza ilifanyikaje.

Mzee Koech akavua kofia, akaanza kuomba. Mzee huyo akiomba uwe umekula. Akaombea mvua, akaombea mahindi, akaombea vijana wa mbio walio ng'ambo. Halafu akashusha sauti.

"Na sasa Baba, tunakuletea kijana wetu Kipchumba, ambaye umemwita mapema."

Wakuu.

Sikufikiria picha, sikufikiria mishumaa, sikufikiria chochote. Nilifikiria simu iliyo mteja, na mvua, na boda boda kwa hiyo barabara ya Kiplombe. Nikajua hawa wamepata habari mbele yetu, ndiyo maana wamekuja. Njeri akapiga nduru. Brayo akakaa chini pale pale, kwa maji.

Na hiyo nduru ndiyo ilimaliza kila kitu, kwa sababu sasa wamama nao wakalia kabisa.

Wakaanza kumsema. Mama Shiko akasema ni Kipchumba alikuwa anambebea mtungi wa gesi, na hajawahi kukubali hata chai. Mwingine akasema alimfundisha mtoto wake hesabu kwa hicho kibaraza, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba nikingoja tubishane, na sikuwahi kujua anachelewa kuingia juu ya hesabu za mtoto wa mtu.

Halafu Mzee Koech akasema, "Rafiki yake aseme neno."

Nikasimama. Machozi na mvua, sijui gani ni gani.

Nikasema huyu kijana alinipa sikio moja la earphone wakati sikuwa na rafiki shuleni. Nikasema mama yake wa Kiplombe alinilisha likizo mbili kama mtoto wake. Nikasema nimekaa miezi bila kuskia sauti yake, nikidhani siku ziko nyingi.

Nikaona picha yake hapo mezani kupitia mlango, inacheka. Nikashindwa kabisa.

Nikasema, "Na Chapel of Frost ndiyo albamu bora. Alikuwa anasema ukweli. Ile ya kwanza ndiyo kali, hizo zingine hazifiki. Angekuwa hapa ningemwambia."

Nikafuta uso, mvua ikaulowesha tena.

Halafu sauti ikatoka nyuma kabisa, karibu na geti.

"Rudia hapo kwa Chapel of Frost."

Nikageuka. Jamaa amevaa koti la mvua, kofia imefunika uso, na kibuyu cha mursik mkononi. Akavua kofia.

Wueh!

Mama Shiko alirusha thermos ikapita juu ya kichwa cha Brayo. Karai la vikombe likaanguka kwa simiti. Mzee Koech alinyoosha mwavuli kama mkuki, "Shindwe! Shindwe katika jina la Yesu!"

Kipchumba akainua kibuyu juu. "Mzee, ni mimi. Nimeleta maziwa."

Niliruka hatua sijui ngapi, nikamshika nikamkaza mpaka mursik ikamwagika kwa shati yangu. Alikuwa na joto. Alikuwa ananuka mvua na moshi wa jikoni kwao. Nikalia tena, wakati huu kwa furaha, na sioni aibu kuandika hapa.

Kumbe mama yake alikataa atoke bila mursik, boda ikakwama kwa matope, simu ikazima chaji. Akafika getini akakuta watu wanalia. Na yeye pia, mtoto wa adabu, hakuuliza nani amekufa! Alimpatia mama mmoja mkono, akasema pole, akasimama nyuma akingoja jina.

Maombi alikuwa ameyakosa, alifika mimi nikiwa naanza kusema.

"Niliona vile Kamau analia nikajua ni mtu mkubwa ameenda," alisema. "Mpaka nikaskia mambo ya earphone. Nikaanza kujishika mkono nione kama bado niko."

Ploti yote ilicheka, wakuu. Mzee Koech alicheka mpaka akaketi. Mama Shiko alikuwa anacheka akimpiga Kipchumba na leso, "Utaniua wewe mtoto, utaniua!"

Chai haikurudi nyumbani. Ilinyweka, na mkate ukaliwa, na mursik ikazunguka kwa vikombe ambavyo havikuvunjika. Stima ikarudi, na wamama hawakutaka kutoka. Walisema wameililia hii albamu, lazima waiskie.

Tukaweka zote tatu. Kura ikafika kwa Mama Shiko. Akafikiria, akafuta mdomo.

"Hiyo ya kengele ndiyo nzuri. Hizo zingine zenu ni kelele."

Nine Bells!

Mimi na Kipchumba tuliruka pamoja, "Hapana mama!" Tukamwandama, huyu akimaliza sentensi huyu anaanza ingine, kama zamani. Katikati ya kelele nikamwangalia, akaniangalia, tukacheka. Mama Shiko hakutikisika, na wamama wote wakapiga kura na yeye. Nine Bells ilishinda kwa kishindo.

Jumatatu nilimsindikiza stage. Alikuwa amebeba begi moja na ile fremu chini ya kwapa. Mama Shiko alikuwa amemkataza, ati picha imeshaliliwa si ya kutembea nayo. Akamwambia, "Mama, hiyo ndiyo picha pekee ambayo watu wameniambia ukweli mbele yake."

Sasa iko kwa ukuta wake Lodwar. Na amerudi kwa group, ila amebadilisha jina. Anajiita Marehemu.

Kila asubuhi kabla sijafungua hardware naskia simu inalia. Marehemu ameandika, "Kamau, umekiri mbele ya Mungu na mzee wa nyumba kumi." Mimi namjibu hiyo ni huzuni ilikuwa inaongea, ningesema hata Nine Bells. Namtusi, ananitusi, naenda kuuza misumari nikicheka peke yangu. Wateja wameanza kuniogopa.

Nilichojifunza? Maneno mazuri ya mtu mpatie akiwa na maskio ya kuyaskia. Mimi nilibahatika, wangu alikuwa amesimama getini na kibuyu.

Na ukikuta watu wamevaa black, aki uliza nani amekufa. Uliza tu. Aibu haiui.

Sasa wakuu, nawaachia hii kesi muamue. Kitu mtu amesema kwa matanga, na marehemu akajitokeza akidai, inahesabika kama kura ama haihesabiki?

Jibuni mkijua Marehemu anasoma.