Kama Mdako Ungezaliwa Leo

Mdalasini ulioanikwa Mkuyuni, kijijini kwetu mlimani, ulikuwa na harufu iliyoganda hata kwenye sare yangu ya shule. Sare hiyo niliivaa kwa mara ya kwanza Januari 1993, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, nikaketi darasa la kwanza pamoja na watoto walionifikia kiunoni. Sikujificha, nilichagua dawati la mbele. "Shikamoo, mama mwalimu!" walinitania, wakijua vizuri kuwa sikuijua hata herufi moja. Jioni ndipo nilipokuwa mtu miongoni mwa watu. Nyuma ya jiko la mama tulichimba kishimo, tukakitia vijiwe, tukacheza mdako: unarusha kijiwe kimoja juu, unakomba vilivyo shimoni, unakidaka kile cha juu kabla hakijaanguka, kisha unarudisha vingine na kubakiza kimoja nje. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, na rafiki yangu Skola, aliyekuwa darasa la tano, hakuona haya kuketi nami mchangani. Tulikuwa na sheria moja kali: ukigusa kijiwe usichokikusudia, useme mwenyewe "nimegusa", na umpishe mwenzako, hata kama hakuna aliyeona.

Nyakati hizo milango ya biashara na nchi za nje ilikuwa imefunguliwa, na vitu ambavyo hatukuwahi kuviota vilipanda mlimani pamoja na marobota ya mitumba. Mwezi Juni mjomba wa Skola alirudi kutoka Dar es Salaam na kichezeo cha betri, kilichoangusha vitofali kwenye kioo chake na kulia kama kifaranga. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Kishimo changu kikajaa majani makavu. Niliketi kando yake nimeshika vijiwe mkononi, nikisikiliza vicheko kutoka kwa kina Skola. Niliogopa kwamba bila mdako hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kunitafuta.

Hatimaye nikaenda, nikapewa zamu. Kitofali kilipokaa vibaya, nilisema, "Nimegusa," nikamkabidhi Skola kichezeo.

"Wewe nawe!" kaka yake akaangua kicheko. "Mama mwalimu anaungama kwa betri!"

"Endelea tu, dada, hicho hakina macho," mwingine akadakia.

Skola hakucheka. Jioni ile alikuja kishimoni, akafagia majani kwa kiganja, akaketi. Betri zilipokwisha, mwezi Agosti, na wengine wakarudi. Hofu yangu haikuondoka. Tangu hapo kila aliyeketi mbele yangu nilimtazama kama mtu aliyekwisha kuaga.

Marehemu mume wangu aliamini kwamba mchezo mzuri hauzeeki. Mimi sina hakika. Mwaka huu binti yetu, asomaye mambo ya kompyuta, ameutia mdako ndani ya simu, naye anataka kujua kama watu wa leo wataupenda. Alikuja nyumbani kwangu Msamvu, huku mjini, kunionyesha: vijiwe vinang'aa, kidole kimoja chatosha kurusha na kudaka. Nilimwambia ukweli, kwamba ni mzuri na kwamba wengi wataupokea, maana binadamu bado anapenda kudaka kitu kabla hakijaanguka. Kisha nikavuta kiti, nikakiweka mbele yangu, ili aketi tuanze.

"Si lazima niwepo, mama," akasema kwa furaha, akichukua mkoba wake. "Unacheza na simu yenyewe."

Mlango ukafungwa. Kwenye kioo maandishi yakatokea, yakaniambia kuwa ni zamu yangu.