Misumari ya Bi Mwanatumu ndani ya kompyuta ya Saliha

Saa tatu asubuhi, kengele inalia katika duka la vyuma la Mzee Jusab, mtaa wa Kuze. Wekesa, mfanyakazi wake, anaacha mzani. Wenzake wawili wanaacha wateja. Wote wanasogea kaunta kusikiliza.

"Bawaba ziko rafu ya tisa! Makomeo ya pili! Kamba ya sita!" anatangaza Mzee Jusab. Wanaitikia na kurudi kazini.

Ghorofani, bintiye Saliha, mwenye umri wa miaka 31, anatabasamu mbele ya kompyuta. "Humu ndani pia mna kengele," anasema akiigusa. "Kila ikilia, kazi yasimama."

Saliha hutengeneza kompyuta kuukuu za shule, kazi inayomwingizia kama shilingi 30,000 kwa mwezi. Asubuhi ni za kazi isiyo na mshahara. Yeye ni mmoja wa watu wa nchi mbalimbali wanaojitolea kuboresha kiini cha mfumo endeshi, yaani programu ya chini kabisa inayoziamuru nyingine zote.

Mwandishi huyu, ambaye kompyuta yake ikigoma huipiga kofi, aliomba aelezwe pole pole.

Kumbukumbu ya kompyuta, anasema Saliha, imegawanywa vipande viitwavyo kurasa. Kiini kina jedwali linaloonyesha kila ukurasa uko wapi. Vichakataji, yaani sehemu zinazotenda kazi yenyewe, havina subira ya kulisoma jedwali kila mara, kwa hiyo kila kimoja hukariri sehemu yake. Ukurasa ukihama, lazima vyote viitwe na kuambiwa visahau vilichokariri.

"Ni kama akina Wekesa tu," anasema. "Baba hufunga bidhaa kwa gazeti, haandiki kitu juu. Kilichomo hukijua kwa mahali kilipo."

Mwaka jana akapata wazo: kwa nini kengele ilie kila kitu kimoja kinapohama? Hamisha vingi, piga mara moja. Akaandika marekebisho, kisha kwa udadisi wake akamshawishi babake ajaribu dukani. Asubuhi ile kazi ilikwenda mbio ajabu.

Haraka haraka haina baraka. Misumari ya mabati ilikuwa imehamishwa, misumari ya viatu ikawekwa palepale, na kengele haijalia. Wekesa akachukua kifurushi kwa mazoea. Kule Majengo, mteja wao Bi Mwanatumu akakifungua fundi yuko juu ya paa na wingu limetanda.

"Fundi alinitazama, nami nikamtazama," anakumbuka Bi Mwanatumu. "Mvua yaja kitandani, na mkononi nina misumari ya makubadhi!"

Wiki hiyohiyo, wakaguzi wa kiini, wanaopima kila marekebisho kabla hayajaingizwa, wakairudisha kazi ya Saliha. Taarifa za programu moja zilikuwa zikitokea ndani ya nyingine.

"Nilisoma barua yao nikamuona Bi Mwanatumu," anasema. "Nililia, kisha nikacheka."

Dawa ilikuwa fupi. Hamisha vingi, piga kengele mara moja, lakini mahali palipoachwa pasiwekwe kitu mpaka ilie. Dukani, Mzee Jusab sasa hufunga kitambaa chekundu kwenye rafu iliyohamwa. Kwenye kompyuta, jaribio lililochukua sekunde 90 huchukua 71.

Hii ni mara ya pili kutuma. Wakaguzi wameandika wazi kwamba kosa likionekana tena, wataliacha wazo lote, na miezi kumi na moja ya kazi itakwenda na maji. Majaribio ya siku saba yanakwisha Ijumaa. Leo ni Jumatano.

"Naogopa," anasema Saliha bila kuficha. "Nataka iingie. Nataka kompyuta ya shule ya hapa, na ya nchi nisiyoijua, ziwe nyepesi kwa kazi ya mkono wangu."

Wakaguzi hao wana desturi moja: aliyegundua kosa huandikwa jina chini ya marekebisho, likabaki humo daima. Saliha ameandika la Bi Mwanatumu. Wakamuuliza ni nani huyo, na anwani yake ni ipi.

Bi Mwanatumu mwenyewe yuko kaunta, amekuja kununua misumari mingine. Anaelezwa habari hiyo. Anakifungua kifurushi mbele ya Mzee Jusab, anatoa msumari mmoja na kuugeuzageuza.

"Waambie nakaa Majengo," anasema, akikifunga tena. "Na wakikubali hiyo Ijumaa, mwanangu, kifurushi kijacho sikifungui."