Tumekwisha Kukuona

Nilikuwa nimejifungua mtoto wetu wa pili juzijuzi tu, na shambani magugu yalikuwa yanatumaliza. Enzi hizo za Mwingereza mume wangu alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu hapa kwetu Kinampanda. Watu walidhani nimeolewa peponi. Pepo gani? Alfajiri chuoni, mchana chuoni, jioni anasahihisha kazi za wanafunzi mpaka koroboi inaishiwa mafuta. Nilimwambia wazi: "Umeoa chuo, mimi umeniazima tu."

Shamba lilikuwa mali ya ukoo. Mwaka uliotangulia nyasi zilimeza mtama wetu, na baba mkwe akatuonya kwamba likigeuka pori tena atampa mtu mwingine. Mimi mzazi nilikuwa siruhusiwi kushika jembe.

Kwetu kazi ikikuzidi, unapika pombe na kuita majirani waje kupalilia. Lakini mkufunzi wa chuo cha misheni apike pombe? Thubutu! Tukawaita kwa chai ya sukari. Walivyotucheka! "Chai? Kwani sisi wagonjwa?" Hata hivyo kulipopambazuka nikawaona wanakuja, majembe begani, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Ila mwenye shamba hupalilia mstari mmoja na wageni wake. Akiondoka, nao huweka majembe chini waende zao, maana wamekuja kumsaidia mtu, hawakuja kumtumikia. Na mkuu wa chuo, Mzungu asiyejua kucheka, alikwisha kumfukuza mkufunzi mwingine kwa kuchelewa darasani.

Kengele ya chuo ikalia. Nilikuwa nimekaa mlangoni, shamba liko mbele yangu, mtoto kifuani. Mstari mzima ukasimama, wakamtazama mume wangu. Mtu huyu hakuwahi kuikosa kengele, hata siku ana homa. Akainama, akaendelea kupalilia. Jamani! Nilimwangalia kama simjui.

Kengele ya pili ikalia. Jasho linamtiririka, kichwa hainui. Nikajua basi, kazi imekwenda. Ndipo bibi mmoja jirani, mzee kuliko wote mstarini, akajinyoosha mgongo.

"Mwalimu, nenda kafundishe. Tumekwisha kukuona."

"Bibi, na shamba je?"

"Nimesema nenda! Au hiyo chai unataka kuinywa peke yako?"

Wote wakaangua kicheko. Akatimua mbio, matope mpaka magotini, na jembe begani amesahau kuliacha.

Hakuna aliyeondoka. Waliimba, wakapalilia mpaka mwisho wa shamba, mwenyewe hayupo. Jambo hilo sikuwahi kuliona kabla, wala sijaliona tena. Nikawamiminia chai, na sukari sikuipima.

Mume wangu alirudi jua likiwa bado juu. Alikuwa amekaripiwa mbele ya wanafunzi, lakini hakufukuzwa. Akasimama pembeni mwa shamba, mtama umenyooka, udongo mweusi katikati. Kisha akaja mlangoni, akanipokea mtoto, akamgeuzia kwenye mwanga na kumtazama muda mrefu.

"Kumbe ana pua ya mama yangu," akasema.

Mtoto alikuwa na wiki nzima duniani.