Tabitha na Ndama wa Jumapili ya Matawi

Tabitha Elisaria ni jirani yangu hapa Maji ya Chai. Asubuhi anakamua ng'ombe, kisha ananawa mikono na kufungua kompyuta, maana kazi yake ni kuandika programu. Kikundi chetu cha akina mama wafugaji alikitengenezea daftari la ng'ombe kwenye simu. Kwenye siku ya kuzaliwa ndama alituachia tuandike tunavyosema wenyewe. Basi tukaandika: Jumapili ya Matawi, Ijumaa Kuu, Pentekoste.

Mwezi wa saba ilitakiwa orodha ya ndama itumwe mjini kwa watu wa chanjo ya ndigana, ile homa ya kupe inayoua ndama. Dawa yao ikishayeyushwa haikai, kwa hiyo hawaji bila orodha, na mwisho wa kupokea ulikuwa Alhamisi saa sita mchana. Ndigana ilikuwa imeshaniulia ndama mmoja. Nilibaki na mmoja, aliyezaliwa Jumapili ya Matawi.

Alhamisi hiyo saa nne nilienda kwa Tabitha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za ndama zimekwenda?"

"Zimerudishwa zote arobaini."

Akanionyesha. Kompyuta ya mjini haipokei daftari lilivyo. Kila ndama lazima ageuzwe maandishi, mtindo unaoitwa JSON: jina la habari, nukta mbili, kisha habari yenyewe. Namba ya hereni ya sikioni ilipita, jina likapita, lakini siku ya kuzaliwa ilitakiwa mwaka, mwezi na tarehe. Pentekoste haikueleweka.

"Ni sisi tumekuharibia," nikasema.

"Hapana mama. Mmeandika sawa. Ni mimi sikuifundisha programu yangu kutafsiri. Niazime kalenda ya kanisa, ile ya usharika."

Nikaikimbilia nyumbani. Nilimsomea sikukuu moja moja, naye akaandika tarehe zake, ili kila ndama anapogeuzwa maandishi, sikukuu yake igeuke tarehe. Mwenyekiti wetu, Magreth, akapiga simu.

"Tabitha, hiyo kompyuta bado inacheua?"

"Inacheua mama, lakini itameza. Ndama wako umemwandika 'harusi ya Nathanaeli'. Nathanaeli alioa lini?"

"Wewe! Pilau ulikula sahani mbili, leo unaniuliza?"

"Pilau naikumbuka, mama. Tarehe ndiyo siikumbuki."

"Jumamosi ya pili baada ya Pasaka."

Tabitha akahesabu, akaandika, akatuma. Mimi niliinamisha kichwa nikamwomba Mungu. Nilipofumbua macho, kioo kilisema zimepokelewa arobaini. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Asante Yesu," nikasema.

"Amina. Mama, chai ipo kwenye chupa."

Jumamosi daktari wa chanjo alikuja na mtungi wake wa baridi, akaita namba za hereni. Wangu alikuwa wa kumi na saba. Tabitha alimshika kichwa, mimi nikashika nyuma, sindano ikaingia, naye ndama akanipiga teke gotini. Nilichechemea hadi Jumatano, na sikumlaumu.